Ersilia na Chachu ya Kichochoro

Ersilia Padula alifika Firenze asubuhi, na kabla jua halijafika utosini alikuwa amesharudi stesheni. Aliliona kanisa kubwa, akaliona daraja, akanywa kahawa wima kaunta kama anayefukuzwa. Akaona foleni ya watu wanaongoja kuingia kutazama picha, akajiuliza hao wana miguu ya namna gani inayokubali kusimama mahali pamoja. Yake haikukubali. Ilikuwa ikimwasha tangu Novemba, na sasa ilikuwa Februari.

Alikuwa na begi moja la nguo na kikapu kimoja. Ndani ya kikapu, chini ya kitambaa cha jikoni chenye mistari ya buluu, lilikuwamo bakuli la udongo, na ndani ya bakuli donge la chachu ambalo halikuwa lake.

Kwetu Castelmuro, juu kwenye milima ya Lucania, kusini mwa Italia, katika kichochoro cha Santa Lucia, chachu ya mkate haina mwenyewe. Mwanamke akishakanda hukata donge moja, huliweka kwenye bakuli, huchora msalaba juu yake kwa kisu na kulifunika. Anayetaka kuoka baada yake huja kulichukua, naye akishakanda huacha donge lake. Ukilihitaji unasimama dirishani na kupaza sauti kumwita aliyeoka mwisho, naye atajibu "Naja!" hata kama mikono imo kwenye unga na hatatoka kwa saa nzima. Hakuna anayenuna kwa kungoja. Mtu hununa asipojibiwa. Na watu husema kwa kiburi kwamba chachu hiyo ni ileile ya bibi wa bibi zetu, haijapata kufa hata siku moja.

Ersilia alikuwa na miaka hamsini na saba, hakuolewa, na kwa miaka kumi na mmoja alimuuguza mama yake, Bi Teodora. Alimlisha, alimgeuza, alimvumilia, maana Bi Teodora miguu ilimwishia lakini ulimi haukumwishia. Oktoba, zabibu zikiwa zimeshavunwa, bibi huyo akafariki, akazikwa kwa heshima zote. Jumapili ya tatu baada ya mazishi kaka yake Ersilia, Canio, alikuja kula chakula cha mchana pamoja na mkewe Loredana. Walikula tambi, wakala nyama. Kabla ya matunda Canio akajifuta mdomo.

"Dada, tumeshaongea," akasema. "Mama yake Loredana hawezi tena ngazi za kwetu. Atakuja kukaa hapa kwako."

"Kwangu?"

"Kitanda si kipo? Na kazi yenyewe umeshaizoea."

"Tena mama hana makuu, Ersì," Loredana akadakia. "Kula yake kama ndege."

Ersilia alimenya chungwa lake mpaka mwisho, akalila lote. Kazi haikumtisha. Kilichomchoma ni kwamba katika maneno yote yale yeye hakuwamo. Kilikuwamo kitanda, ilikuwamo mikono yake, yeye hayumo.

Kesho yake akapanda basi la kwanza. Jirani alipomuuliza alisema anakwenda Salerno kwa binamu, siku tatu tu. Alikuwa ameoka Jumamosi, kwa hiyo bakuli lilikuwa kwake. Akiwa mlangoni aligeuka akalitazama juu ya meza, akajiambia likibaki litakauka, akalichukua. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ukweli ni kwamba mikono yake, baada ya miaka yote ile, haikujua kutoka nyumbani bila kitu cha kutunza.

Salerno alilala usiku mmoja. Akaenda Napoli, Napoli ikamchosha kwa kelele. Akaenda Orvieto, Orvieto ikamchosha kwa ukimya. Aliishi kwa akiba yake ya kushona, akilala kwenye nyumba za wageni za masista, ambako chakula ni supu na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Kila mji aliupenda jioni ya kwanza na kuuchoka asubuhi ya pili. Na kila baada ya siku chache ilimbidi amtafute sista wa jikoni, aombe unga na maji ya uvuguvugu, aikande chachu na kuilisha, kwa sababu chachu isipolishwa hufa. Wapo watu wanaosafiri na mbwa. Ersilia Padula alisafiri na unga.

Baada ya Firenze, ndani ya treni ya kwenda Bologna, joto la behewa likaamsha donge. Likafura, likainua kitambaa, likaanza kuchungulia. Mbele yake alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya.

"Bibi, samahani," mzee akasema, "kikapu chako kinapumua."

"Ni chachu."

"Ahaa. Na inasafiri kwenda wapi?"

"Sijui."

"Na wewe mwenyewe?"

"Sijui vilevile."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwangukia puani. "Afadhali, basi. Angalau hamgombani njiani."

Ersilia naye akacheka, halafu akageukia dirisha, maana machozi yalikuwa karibu. Kwa kweli alijua vizuri alichokuwa akikitafuta, ila aliona haya kukitaja hata akiwa peke yake. Alitaka mtu mmoja kule nyumbani amwambie, Ersilia, tumekukosa wewe. Wewe, si mikono yako. Siku atakapoambiwa hivyo, hata kama hatarudi, ataweza kukaa kitako. Kila simu ilipolia moyo ulimruka, na kila mara ilikuwa ni kampuni ya umeme.

Mantova ndipo simu ilipolia ikawa ni Canio.

"Umeondoka na chachu ya watu!"

"Hujambo na wewe, Canio."

"Mimi sina utani. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu ni mwezi ujao. Kichochoro kizima kitaoka nini? Vituccia jirani yako ananisimamisha njiani kila siku ya Mungu: dada yako karudi? bakuli limerudi? Natembea nimejificha kama mwizi wa kuku!"

"Loredana anunue chachu ya dukani."

Kwetu, kutaja chachu ya dukani na mkate wa Mtakatifu Yosefu kwa pumzi moja ni kumtukania mtu ukoo.

"Akili zimekuruka wewe," Canio akasema. "Rudi nyumbani. Mama mkwe yuko sebuleni kwangu tangu sikukuu za Krismasi, redio toka asubuhi mpaka usiku. Nakaribia kuhamia zizini."

"Sasa mnataka bakuli au mnataka muuguzi?"

"Si vinakuja pamoja?"

Ersilia akakata simu. Alikuwa amemwahidi mama mwenye nyumba kwamba atakaa wiki nzima, lakini asubuhi ile ile akafunga begi. Stesheni akauliza reli inaishia wapi upande ule. Wakamwambia Trieste, akaenda Trieste.

Huko alipanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Nives, mwanamke mrefu, sauti ya baharia, aliyempokea kwa maneno haya: "Chumba ni hiki, dirisha usilifungue, upepo wetu huiba mapazia. Unajua kucheza karata?"

"Kidogo."

"Kuiba je?"

"Kuiba ndiyo."

"Basi sisi ni ndugu."

Ersilia alikuwa amewaibia karata wagonjwa na wazima tangu utotoni, ila kwa Nives na mashoga zake wawili alikuta mafundi. Walicheza kila alasiri mgahawani, wakatukanana kwa mapenzi, wakala keki. Asubuhi Nives alimtembeza mjini huku wameshikana mikono wasipeperushwe. Siku zikapita asizihesabu. Hakuna aliyemuuliza ataondoka lini, wala yeye hakujiuliza. Alicheka hata mbavu zikamuuma. Na bakuli lilikaa rafuni, juu kidogo ya bomba la kupashia chumba joto.

Siku moja asubuhi akalikumbuka. Alilifunua, harufu ikampiga usoni kama ya dawa ya kusafishia rangi ya kucha. Donge lilikuwa limekauka juu na kuoza chini, na lilikuwa limeota mistari ya rangi ya waridi. Mwokaji yeyote anaijua mistari ile. Ikishatokea hakuna unga wala maji yatakayoirudisha chachu.

"Mama yangu," akasema. Akakaa sakafuni akalia.

Siku ya mazishi hakulia. Siku ile kulikuwa na viti vya kupanga na kahawa ya kuchemsha. Leo hapakuwa na kiti cha kupanga, akalia kwa sauti, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili yake mwenyewe. Nives akaja mbio na kijiko mkononi.

"Ersilia! Ni unga huo, mwenzangu." Akamtazama tena. "Haya, si unga. Lia basi, lia mpaka mwisho."

Mchana Ersilia alilitupa donge, akalisugua bakuli, akatoka nalo ndani ya kikapu kwa mazoea tu. Alitembea haraka mpaka gatini, upepo ukimsukuma mgongoni. Aibu ilimkaba. Mtu aliyestahili kuambiwa alikuwa mmoja, yule aliyemshika siku ya ubatizo, Vituccia, jirani wa mlango kwa mlango, rafiki wa mama yake tangu usichana. Akapiga.

"Mama Vitù, ni mimi."

"Mimi yupi? Nina mimi wengi."

"Ersilia."

"Ala! Kumbe u hai. Mbona makelele hayo?"

"Ni upepo. Niko Trieste."

"Huko si kwa Waaustria?"

"Walishaondoka tangu vita vya kwanza, Mama."

"Hawakuniaga."

Siku nyingine Ersilia angecheka. "Mama Vitù, nimeiua chachu."

Ikaja sauti ya ajabu, na Ersilia akadhani kizee anakata roho. Alikuwa akicheka.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu? Chachu ya bibi wa bibi zetu!"

"Bibi wa bibi zetu, midomo tu hiyo! Mwanangu, ile imekufa mara ngapi! Mwaka wa tetemeko nani alikuwa na akili ya chachu? Tulikwenda kuomba kichochoro cha juu, tukachora msalaba, tukafunga midomo. Mama yako mwenyewe kaiua mara mbili. Hata sasa ninalo donge kabatini tangu Krismasi."

"Sasa mbona Canio..."

"Canio nilimtuma mimi. Sikuwa na kamba nyingine ya kukuvutia."

Ersilia aliegemea ukuta. Hasira na kicheko vilimjia pamoja, asijue aanze na kipi. Akauliza kilicho rahisi. "Mama aliiuaje?"

"Mara ya kwanza hakuwepo kuilisha. Hakukuambia? Hakukuambia. Wewe hujazaliwa bado, Canio ananyonya kidole. Teodora alimwachia bibi yako mtoto, akapanda basi akaenda Napoli, peke yake, Kwaresima nzima. Tukawaambia watu kaenda kwa daktari. Daktari gani! Alikuwa anatembea. Kutwa kucha anatembea, aliniambia, mpaka viatu vikamwishia."

Ersilia alijaribu kumwona mama yake akitembea Napoli. Alishindwa. Miguu ya mama aliyoijua ni ile aliyokuwa akiiinua yeye.

"Kwa nini alirudi?"

"Alichoka kungoja. Pale alipopanga palikuwa na simu, akatuachia namba. Kwetu nako simu ilikuwa moja, baa. Alikaa akingoja mmoja wetu apige. Tuliona haya, tukasema akichoka atarudi. Akarudi kweli, akavaa aproni, akawasha tanuri. Lakini hakunisamehe. Mpaka kitandani, wewe ukiwa jikoni unamchemshia maziwa, ananiambia: Vitù, hukunipigia."

Upepo ulivuma. Kizee akapenga kamasi.

"Basi safari hii nikasema napiga. Namba yako sina, anayo kaka yako. Nikampa la chachu alibebe, maana la kweli angelimwaga njiani."

"La kweli ni lipi?"

"Usinitese, mtoto wewe."

"Lipi, Mama?"

"Kwamba kiti chako hapa mlangoni ki tupu, na jioni sina wa kumsengenya Loredana naye. Nimekukosa wewe. Haya, nimesema. Na usije ukarudi kwa ajili ya yule mama na redio yake, nitakufungia mlango. Mtakatifu Yosefu naye mkate wake upo. Kaa huko hata mpaka mavuno ukitaka. Mimi nakuita tu, ili uwe umeitwa."

Ersilia akasikia simu ikiwekwa juu ya meza, hatua za kuburuza miguu, na dirisha likifunguliwa kwa nguvu. Vituccia hakuamini kwamba waya ungeweza kuifikisha sauti mbali kiasi kile, kwa hiyo alimwita kama anavyoitwa mtu wa kichochoroni:

"Ersiliaaa!"

"Naja!" Ersilia akaitika kwa sauti yake yote, hata watu wawili waliokuwa wakipita na mbwa wao wakageuka kumtazama.

Kisha akakaa kitako juu ya jiwe la gati, bakuli tupu mapajani, na hakuinuka mpaka Nives alipokuja kumtafuta.