Nyama Isiyotajwa

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba Mungu alipomaliza kuumba wanyama aliwagawia watu nyama za kukataa, si nyama za kula. Kila nyumba niliyoijua ilikuwa na yake. Ukoo wetu hatuli pundamilia mpaka leo. Bibi yangu, aliyenilea wakati wazazi wangu wakitafuta maisha Mwanza, alifuga kuku wengi kuliko mtu yeyote kijijini, lakini hakuwahi kutia yai mdomoni, maana kwa wanawake wa rika lake kuku ni chakula cha wanaume. Jirani zetu Wasabato hawakula kambare wala nguruwe. Shangazi aliyeolewa upande wa Robanda alikula nyama pori iliyokaushwa, kimoro, akatucheka sisi tuliokunja pua, kisha akashusha sauti kwa sababu nyama hiyo ina kesi.

Basi sisi watoto tulifundishwa adabu moja: mtu akikataa sahani, humuulizi sababu. Akisema "kwetu hatuli," imetosha, unamsogezea mboga nyingine. Niliipenda adabu hiyo na bado naiona nzuri. Lakini ndiyo iliyotusaidia kuua mtoto, na nimechoka kulizunguka jambo hili.

Nyumbani kwetu hapakuwa mbali na Nyangoto, mwendo wa nusu saa kwa mguu hadi kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Kila asubuhi kabla ya shule nilibeba dumu la maziwa mpaka kwa Mama Kabula, mama lishe wa Kisukuma aliyewafuata wachimbaji kutoka Shinyanga. Kibanda chake kilikuwa turubai, mafiga matatu na benchi mbili. Pale walikula Wasukuma, Waha, Wanyiramba na Wakurya wenyewe, na yule mama alijua kwa kichwa nani hali nini, kama mwalimu anavyojua nani hajafanya hesabu. Yeye mwenyewe, kwa ukoo wao, alikuwa hali kondoo. Hakumpika hata kwa wateja.

Kabula alikuwa mwanawe wa pekee. Tulilingana umri, miaka kumi, na urafiki wetu ulianzia kwenye ukoko. Mama yake akishapakua ugali, alituachia sufuria, nasi tuligombania ule ukoko wa chini mpaka tunagongana vichwa. Alinifundisha kuhesabu kwa Kisukuma. Mimi nilimfundisha matusi ya Kikurya, maana ndiyo aliyoyataka.

Asubuhi moja tulimkuta ng'ombe wetu mwekundu amekufa zizini. Ndiye aliyekuwa akitoa maziwa ninayopeleka machimboni. Jana yake jioni alikuwa amekula vizuri. Sasa tumbo lilikuwa limevimba, miguu haijakakamaa, na damu nyeusi ilikuwa ikimtoka puani, nyepesi, haigandi. Baba mdogo Marwa, ndugu wa baba aliyebaki kusimamia mji, alikuwa ameshika kisu.

Bibi alimwona kutoka mlangoni, akaja haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

"Weka kisu chini. Huyu hachinjwi, hachunwi, haliwi."

"Mama, ng'ombe mzima huyu."

"Amechukuliwa na wafu. Hiyo damu wameifungua wenyewe. Chimba shimo refu, uweke miiba juu, hata mbwa asifike."

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mambo yangekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Mvua ilikuwa imetukimbia mwaka ule, mahindi yalikauka yakiwa yanafika magotini, na yule ng'ombe ndiye aliyekuwa akitulisha. Alisimama akimtazama mnyama, akamtazama bibi, kisha akatoa neno ambalo nimelibeba tangu siku ile.

"Mama, wale wa machimboni si wa kwetu. Wametoka huko na huko. Wafu wetu watawajulia wapi?"

Bibi alitoa ugoro, akavuta, akafuta pua kwa upindo wa kanga. Nilikuwa nimesimama pale pale na nilimtazama akifikiri. Hakuwa akifikiri kama nyama ile ina ubaya, hilo alikuwa na uhakika nalo. Alikuwa akifikiri ubaya wake unaishia wapi.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Wafu wetu hawawajui wale. Lakini hapa kwangu usiingie hata mfupa."

Kisha akanigeukia, akanishika sikio, si kwa ukali.

"Bhoke, nyama ya namna hii haitajwi. Anayeitaja ameila. Ukiitaja, damu itakutoka puani kama huyo. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Nilisikia kweli kweli, maana yule ng'ombe alikuwa mbele yangu na nzi walikuwa wameshaanza.

Baba mdogo alipakia nyama kwenye mifuko miwili ya salfeti, akaifunga kwenye baiskeli. Alitaka niende naye. Mama Kabula alikuwa mtu wa maswali, na mimi ndiye aliyenizoea. Nilitangulia na dumu tupu, sijui hata kwa nini nililibeba.

"Mbona leo hakuna maziwa?" Mama Kabula aliuliza.

"Ng'ombe ametumbukia shimoni akavunjika mguu," baba mdogo alisema. "Tukaona tumchinje tu."

Ulikuwa uongo mzuri. Mashimo yalikuwa kila mahali, na ng'ombe walivunjika miguu mara kwa mara. Lakini mle kibandani alikuwepo kijana wa Kigoma, Hamisi, Mwislamu aliyeshika dini. Aliuliza kachinja nani. Baba mdogo alitaja jina la mtu asiyejulikana. Hamisi akatikisa kichwa, akaomba maharage. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Ilikuwa ile ile adabu yetu, na siku hiyo ilimwokoa.

Mama Kabula alifungua salfeti, akakunja pua kidogo, akanitazama mimi.

"Ni kweli, mwanangu? Alivunjika mguu?"

Niliona midomo ya baba mdogo ikibana. Ningeweza kukimbia au kulia, mtoto ana njia nyingi. Nilisema, "Ni kweli, mama."

"Haya. Wabeja," alisema, ndiyo asante yao, akaanza kukata.

Kabula alichoma vipande vya maini kwenye kijiti wakati sufuria likichemka. Alikuwa na alama za fimbo kwenye miguu. Juzi yake alikuwa amekula kondoo kwa jirani, mama yake akajua, akamchapa. Alinionyesha zile alama kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha viatu vipya. Kisha akanipa kipande, upande mmoja umeungua, upande wa pili bado mwekundu.

"Chukua, hiki kimeiva."

"Kwetu hatuli."

"Hamli ng'ombe? Wewe? Juzi ulikula hapa mpaka ukalamba sahani!"

Mama yake alimkatiza akiwa amempa mgongo, mwiko mkononi. "Mwache mwenzio, Kabula. Kila mtu na mwiko wake. Labda ni maini ndiyo hawali. Wewe uliyechapwa juzi bado hujajifunza?"

Kabula alicheka, akala kipande chake, akala na cha kwangu.

Nilikwenda shule. Siku ile tuliandika imla na nilipata zote.

Siku ya tatu nilikuta kibanda kimefungwa. Wachimbaji wawili watatu walikuwa wamelala chini ya mti wakishika matumbo, na mmoja aliniambia Mama Kabula yuko zahanati. Nilikimbia. Kabula alikuwa kitandani, shingo imevimba mpaka kidevu kimepotea, akitapika kitu cheusi. Hakunitambua. Nesi alikuwa mgeni, dada mrefu aliyeletwa na serikali kutoka Mbeya, na uso wake ulikuwa na hofu, jambo ambalo sikujua nesi anaweza kuwa nalo.

"Mama, jitahidi kukumbuka. Amekula nini? Kuna nyama yoyote ya mnyama aliyekufa mwenyewe?"

Mama Kabula alikuwa ameketi sakafuni. "Kondoo," alisema. "Alikula kondoo kwa jirani. Kwetu ni mwiko. Nilimchapa, lakini nilichelewa, tayari alikuwa ameshameza."

"Si kondoo ninayeuliza. Nyama nyingine."

"Nyingine ya nini? Nyumbani kwangu alikula ng'ombe aliyechinjwa. Huyu hapa shahidi, ng'ombe ni wa kwao."

Nesi akanigeukia. Alichuchumaa ili tulingane, na mpaka leo nakumbuka kwamba alinukia sabuni.

"Mdogo wangu, huyo ng'ombe alichinjwa? Sema tu, hakuna atakayekupiga."

Sikuogopa kupigwa. Niliogopa kufa. Nilikuwa na hakika kwamba nikitoa neno lile damu ingeanza kunichuruzika puani hapo hapo, na ningelazwa kitanda cha pili. Wasomaji wengine watasema nilikuwa mtoto wa miaka kumi asiyejua kitu. Nilijua. Nilijua kwamba kuna kitu kwenye ile nyama na kwamba kiko ndani ya Kabula. Nilichagua mimi.

"Alichinjwa," nilisema.

Kabula hakufika jioni.

Msibani watu walizungumza juu ya kondoo tu; wale wachimbaji walikuwa wamepona, na walisema yao ilikuwa pombe. Bibi alikwenda, akakaa na wanawake, na mmoja alipomweleza habari za mwiko wa Wasukuma, bibi alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema miiko si ya kuchezea. Nilikuwa pembeni yake. Nilimpenda bibi yangu, na siku ile nilimwogopa zaidi ya wafu wote aliowahi kunitajia.

Wiki moja baadaye baba mdogo alitokwa na kidonda mkononi, cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika, hakiumi, lakini mkono umevimba mpaka kwapani. Mimi ndiye niliyemsindikiza zahanati. Alisema kachomwa na mwiba. Nesi alikitazama muda mrefu.

"Umechuna ng'ombe gani?"

Baba mdogo alinitazama mimi. Nesi alivuta dawa kwenye sindano, na hapo ndipo nilipolisikia jina la ugonjwa kwa mara ya kwanza: kimeta. Alisema ugonjwa huo hauulizi kabila, hauulizi ukoo, na kwamba ng'ombe anayetoka damu isiyoganda haguswi hata kwa kisu, hufukiwa alivyo. Yalikuwa maneno ya bibi yale yale, pungufu ya wafu. Kisha akashika ile chupa ndogo ya dawa juu, usawa wa macho yetu.

"Hii hii ilikuwa kabatini," alisema. "Yule mtoto wa mama lishe, ningeambiwa mapema ningejaribu hii hii."

Baba mdogo alipona. Ana kovu mpaka leo, na anavaa mikono mirefu hata kwenye jua. Mama Kabula alikuwa ameshafunga vyombo vyake na kuondoka, na aliondoka akijua kwamba mwanawe aliuawa na kondoo.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Busawe. Nina watoto wawili. Bibi alifariki zamani, na nimekaa nikimfikiria miaka mingi. Hakuwa mjinga. Yeye na mama zake waliijua ile damu kabla hajafika daktari wa mifugo yeyote huku kwetu, wakaizungushia miiba na wafu ili mtu asiisogelee. Kosa lao halikuwa kuamini. Kosa lilikuwa kudhani kwamba uhai unaolindwa ni wa kwetu tu, na kwamba ng'ambo ya ukoo wetu hakuna mtu wa kumlilia mtu. Hilo nalo niliamini, kwa asubuhi moja, na asubuhi moja ilitosha.

Mwaka huu alihamia shuleni kwetu mwalimu aliyekuwa Kahama. Katika kupiga hadithi akamtaja mama lishe mzee wa huko aliyewahi kupika machimboni Nyangoto, aliyezika mtoto kule. Niliomba namba. Nilikaa nayo wiki mbili. Jumamosi moja mchana, watoto wakiwa kisimani, nilipiga.

"Shikamoo, mama. Ni Bhoke. Yule wa maziwa."

"Marahaba! Bhoke wangu!" Alifurahi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Nilisema yote. Nilianzia zizini nikafika kwenye kitanda cha Kabula, sikuruka kitu, wala sikumsingizia bibi wala baba mdogo pale nilipokuwa ni mimi. Nilipomaliza, nilisikia kuku tu upande wake. Nikadhani amekata.

"Kwa hiyo si kondoo," alisema.

"Si kondoo, mama."

"Na mimi nilimchapa."

Alivuta pumzi mara moja, akakata. Sijapiga tena, naye hajapiga.

Siku zile tatu zilizofuata, mimi mtu mzima, mwalimu, nilikuwa nikiamka na kugusa pua yangu kuona kama kuna damu. Haikutoka. Lakini tangu simu ile, kila ninaposhika sufuria la ugali naona ile miguu yenye alama za fimbo, na mama anayelala Kahama akizihesabu. Nilidhani ninampelekea ukweli. Nilimpelekea salfeti nyingine, na safari hii niliifungua mwenyewe.