Mtasema na Watoto Wake Wanne

Ruaruke ina mbwa wengi, na wengi wao hawana mwenyewe. Mbwa wa Bi Waride ni mwingine kabisa. Akinusa, masikio yake marefu yanafagia chini. Sauti yake nzito inatoka tumboni, na mate yanamchuruzika kutwa. Watu huwaita mbwa wa namna hiyo mbwa masikio, na mpaka mwaka juzi waliojulikana walikuwa wamebaki wawili tu: huyo jike wa Waride, na dume la mzee Twalibu kule Ngarambe. Walikotoka hakuna ajuaye, na kila anayekusimulia anatia chumvi yake.

Waride alimrithi kwa marehemu mumewe, Abdalah, mkulima wa mpunga. Abdalah ndiye aliyempa jina. Majirani walimsema kwa kufuga mbwa nyumba ya watu wanaoswali, naye akamwita Mtasema, ili kila akimwita jioni nao wasikie. Alikuwa mtu wa vitimbi, Mungu amrehemu.

Kazi ya Mtasema ni nguruwe pori. Mbwa koko hubweka nguruwe akishaonekana, yaani muhogo ukishaliwa. Mtasema unampeleka shambani asubuhi, ananusa palipofukuliwa usiku, anafuata mpaka kichaka walicholala, ndipo anapaza sauti na wanaume wanakwenda na mikuki. Akishaweka pua chini, mwite usimwite, anajitia hamnazo. Ubishi huo ndio uliomuua mama yake, aliyefuata harufu mpaka ndani ya mto, mamba akammaliza. Kwa hiyo wakikaribia maji Waride humfunga kamba. Wakirudi nyumbani anayafunua yale masikio, anayafuta kwa kitambaa cha maji ya chumvi ya uvuguvugu, anayakausha na kutoa kupe. Ukizembea siku mbili tatu, yanaoza kwa ndani.

Halafu kuna hayo mate. Mbwa mkavu ukimgusa kwa mkono mkavu, hakuna neno. Mate ni najisi, yanaoshwa mara saba, na moja kwa udongo. Sasa Mwislamu mwenye mbwa wa kuchuruzika mate kutwa ana mtihani. Waride ana gauni lake la mbwa, ndoo yake ya mbwa, na fungu la udongo safi kando ya kisima. Wifi yake Mwanaidi, dada wa Abdalah, anakaa ua wa pili. Tangu mbwa aingie nyumba ile hakuonja hata chai pale. Akija kusalimia alisimama nje, kashika kanga yake isiguse kitu.

Waride hakujaliwa mtoto. Abdalah alipofariki akabaki na Mtasema, na Mtasema naye alikuwa ameanza kuota mvi mdomoni. Waride akapiga moyo konde, akampeleka Ngarambe kwa dume la mzee Twalibu. Makondakta wa basi walimkatalia katakata, hivyo wakaenda nyuma ya lori, juu ya magunia ya korosho, mbwa akiudondoshea mzigo mate njia nzima.

Mtasema akazaa wanne, madume matatu na jike mmoja, mdogo kuliko wote. Huo ulikuwa uzazi wake wa mwisho, mwenye macho aliliona hilo. Yule jike asipopona, mbegu ya mbwa masikio imekwisha.

Hapo ndipo Waride alipoharibu. Asubuhi ya pili Mtasema alitoka kujisaidia. Waride akawasha chetezo, akatia udi na ubani, akawafukiza wale watoto mmoja mmoja juu ya moshi, kama afanyiwavyo kichanga yeyote wa pwani. Maishani mwake alikuwa amefukiza watoto wengi wa watu, wa kwake hakufukiza hata mmoja. Alifurahi mno asubuhi ile, na alikuwa akiwabembeleza kwa wimbo.

Mtasema akarudi, akanusa, akanguruma. Mbwa huyu anaona kwa pua, na pua ilimwambia hawa si wake. Akamuuma mmoja shingoni, akamtoa nje, akamtupa kwenye mchanga wenye umande, kisha akalala mlangoni kawapa mgongo waliobaki. Kila Waride alipomsogezea mtoto, alionyesha meno. Aliyetupwa alikufa. Kufika adhuhuri wa pili akafia mapajani mwa Waride. Wakabaki dume mmoja na yule jike.

Mwanaidi akasimama nje ya mlango. "Wifi, hao wanalia nini tangu asubuhi?"

"Mama yao kawakataa."

"Kawakataa kwa nini?"

"Nimewafukiza udi."

Mwanaidi alitaka kucheka. "Umewafukiza udi watoto wa mbwa?"

"Nimewafukiza kama watoto," Waride akasema, na kilio kikamtoka, kilio ambacho hata msibani kwa mumewe hakukitoa. "Wanakufa, wifi. Inabidi niwapake maziwa yake na mate yake, wanuke yeye. Peke yangu siwezi, anauma."

Mwanaidi akaikaza kanga kiunoni, akaingia ndani.

"Nishike wapi?"

"Kichwa. Kibane kifuani, uyafunike na macho."

Mwanaidi akapiga magoti, akakikumbatia kichwa cha Mtasema. Mate yakamlowesha kifua, mikono, mpaka kanga yote. Alikuwa akisoma dua kimoyomoyo huku kafumba macho. Waride akayakamua maziwa kiganjani, akawapaka watoto mwili mzima, akapangusa mate mdomoni mwa mama yao akawapaka tena, akawasugua kwa kitambaa walichozaliwa juu yake. Harufu ya udi ikafifia, ikaja ya mbwa.

"Mwachie kidogo," akasema.

Mwanaidi akalegeza, mkono wake ukabaki juu ya shingo. Mtasema akainamisha pua. Akanusa wa kwanza kwa muda mrefu, akamsukuma kando. Akanusa wa pili, akarudia, akarudia tena. Kisha akatoa ulimi akamlamba kutoka kichwani mpaka mkiani, akajilaza ubavu, na yule mtoto akajikokota akaipata chuchu.

Pale alipopiga magoti, Mwanaidi hakuweza kumwona vizuri yule mtoto.

"Ni dume au jike?" akauliza.

"Jike."

"Alhamdulillahi," Mwanaidi akasema, na mkono wake hakuuondoa.