Siku Kanzu ya Walii Ilipomezwa na Cheni

Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Kibokoni, maana kule habari ikipita baraza tatu huwa imeshaota mkia: ni kweli, siku ya nikaha ya dadangu nilifika msikitini nikiwa nimefungwa kwenye pikipiki kwa nguo yangu mwenyewe, kama mbuzi wa akika, na aliyenifungua ni bwana harusi.

Sisi ni mayatima. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule darasa la saba nikaingia gereji Majengo, na wadogo zangu wanne wamekula, wamevaa na wamesoma kwa spana hizi. Baba hayupo, babu hayupo, kwa hivyo dadangu Rukia alipoposwa, walii wake, msimamizi wa ndoa, nilikuwa mimi, na nikajiapia kwamba nitamuoza kwa mkono wangu na mdomo wangu, si kwa kumweka mtu wakili wangu, ili wakwe waone nyumba yetu ina mwenyewe. Mposaji, Nasoro, ni fundi cherehani wa Mji wa Kale, kijana mpole (na hapa natubu: nilikuwa nikimwona mwepesimwepesi, nasema moyoni, huyu mwanamume wa sindano, siku gari likimzimikia njiani atafanya nini?). Hata kanzu ya kwenda kuozea alinishonea yeye, nyeupe pe, ina darizi kifuani, ndefu mpaka kifundoni.

Sasa mtu mwenye akili siku kama hiyo angefunga kazi. Mimi nikapokea pikipiki ya magurudumu manne, ile ya michezo, mali ya bwana mmoja anayewakodishia wageni ufuoni, analalamika kwamba mchangani inalegea. Dawa yake naijua: unabadilisha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni. Ya mbele ukiweka ndogo na ya nyuma ukaweka kubwa, mbio zinapungua lakini mashine inang'oka kwa nguvu. Ya mbele nikaipunguza meno mawili, ya nyuma nikaiongeza mawili, nikakaza cheni, adhuhuri ikapita, nikaoga palepale gereji, nikavaa kanzu juu ya bukta ya mpira (suruali niliisahau nyumbani), na kutazama chini nikaona kifuniko cha sproketi ya mbele bado kiko sakafuni na bolti zake. Kukirudisha ni dakika kumi. Nikasema, aa, nitakifunga kesho.

Mwenye mashine alitaka nimpelekee karibu na bandari ya zamani, msikiti uko hapo hapo, nikaona safari moja itamaliza shughuli mbili. Nikaikunja kanzu mapajani, nikaenda polepole, mtu wa heshima. Lakini kuingia kile kichochoro cha msikiti nikawaona wazee wa upande wa bwana harusi wamesimama mlangoni, na nafsi (nafsi hii!) ikaniambia, wape wakuone. Nikakaza mafuta, nikasahau kwamba mashine niliyoipanda si ile niliyoletewa. Magurudumu ya mbele yakapaa, watu wakarukia barazani, kanzu ikanichomoka mapajani, meno ya sproketi yakaidaka, yakavuta, yakavuta, mpaka nikalala upande kama jahazi linalozama, kola imenikaba, na injini ikazima.

"Subhanallah! Nani huyu?"

"Si walii huyu?"

"Walii! Nasi twamngoja tangu adhana!"

Mzee mmoja barazani akaweka kikombe chake cha kahawa chini. "Shuka basi, mwanangu."

"Siwezi, ami."

"Kwani umegandishwa na gundi?"

Nikavuta. Kila nikivuta meno yanauma zaidi. Mmoja akaja na kisu, "Tuikate!", nikapiga ukelele "Msikate!", kwa sababu nimeikumbuka bukta yangu, na nyuma ina tundu. Sheikh akatoka, akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Mwanangu, si lazima uingie. Nifanye wakili wako, nimuoze kwa niaba yako, watu wasichelewe."

Alisema kwa wema. Lakini mimi nilisikia kwamba nyumba yetu haina mtu.

"Nisamehe, sheikh. Dadangu namuoza mimi."

"Ukiwa hapo juu?"

"Hata nikiwa hapa juu."

Ndipo Nasoro akatoka, na joho lake na kilemba chake. Nikatazama ukuta. Akachutama, akaichungulia cheni kama anayekagua pindo.

"Shemeji, iko giya?"

"Iko."

"Itoe. Halafu usivute. Nguo ikimezwa na mashine haivutwi, yarudishwa ilikotoka."

Miaka kumi na minne ya ufundi, na kichwani mwangu jambo hilo halikupita. Akawaambia vijana wanisukume nyuma taratibu, mimi na mashine yangu, huku yeye anaipokea kanzu kwa vidole, kidogo kidogo, ikatoka nyeusi ya grisi, ina matundu kama chekeche, lakini haikukatika.

"Huyo ndiye fundi!" mtu akapaza sauti, na hakuwa akinisema mimi.

Niliingia msikitini hivyo hivyo. Tukakaa uso kwa uso, magoti yakigusana, nikaushika mkono wake, wangu mweusi kwa grisi na wake mweusi, nikasema, nimekuoza dadangu Rukia, na maneno yalikuwa yangu mpaka mwisho, na yeye akajibu amekubali.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Rukia, hina mpaka viwikoni, akaniuliza, "Kaka, umeniozesha ama umeniaibisha?" Nikamwambia, yote mawili. Akacheka mpaka wanja ukamtiririka.

Bado nina dada wawili wa kuoza. Siku zao zikifika, Inshallah, gereji nitaifunga tangu jana yake, msikitini nitakwenda kwa miguu, na yeyote atakayekuja kuposa, nitaitazama mikono yake kwa heshima kabla ya kuufungua mdomo wangu.