Kikombe Kilicholala Kifudifudi

Watu wa hifadhi walimwita Mama Tangi, na mgeni aliyelisikia jina hilo kabla ya kumwona mwenyewe alitegemea kukutana na mwanamke wa kujaza mlango. Akishuka garini, kumbe ni mwembamba kama fito, kilemba kimemfika kwenye nyusi, mikono imo ndani ya glavu za ngozi. Tangi lilikuwa la gari. Kazi yake ilikuwa kuzunguka jangwani akijaza mapipa ya maji yaliyowekwa kando ya njia, kwa ajili ya wale wageni wajuaji wanaoshuka kwenye magari yao jua likiwa utosini, wakapige picha ya mchanga. Mchanga! Kana kwamba kwao haupo.

Jangwa lile halikuwa na mzaha na mtu. Ukigusa bonati kwa mkono mtupu, ngozi unaiacha hapo. Mijusi walisimama kwa zamu, miguu miwili chini na miwili hewani, maana mchanga ulikuwa unawaunguza hata wao wenyeji. Kulikuwa na nyoka waliojizika mpaka yakabaki macho tu, na nge waliopenda viatu kuliko mawe. Lakini watu wa kazi pale hawakuogopa nyoka wala nge kama walivyoogopa ukimya. Mchana ukishaiva hakukuwa na mdudu wa kulia wala jani la kutikisika. Mtu alisikia damu yake mwenyewe ikidunda masikioni, na akikaa sana alianza kudhani kuna anayemwita. Wapo walioitika. Hao walikutwa wamevua nguo zote, wamezikunja vizuri kando, na wao wenyewe wameshakauka.

Kwa hiyo mapipa yalikuwa na utaratibu wake. Kila pipa lilikuwa na bomba, kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko kikombe kipana cha bati kilichofungwa kwa mnyororo. Mama Tangi akishajaza aliacha kikombe kimeangalia juu. Mtu akija akanywa, alikilaza kifudifudi. Ndivyo watu wa hifadhi walivyopeana habari mahali ambapo simu ilikuwa pambo tu: ukikuta kikombe kimelala, ujue kuna mtu amefika hapo, amekunywa, amekwenda zake. Kila mfanyakazi mpya alifundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Na kikombe hicho ndicho kilichotoa habari za mwisho za mumewe.

Mumewe alikuwa askari wa hifadhi, mtu wa maneno machache na mwenye mambo yake. Akifika nyumbani alivua buti mlangoni, akazipanga sambamba, akazichomeka kamba ndani ili nge wasipande. Mama yake alimfundisha hivyo tangu utotoni na hakuacha hata siku moja. Mwaka wa joto lile kubwa alitumwa njia ya bonde la chumvi kutafuta wageni waliopotea. Wageni walirudi wenyewe kwa njia nyingine, wanacheka, wanaulizia soda baridi. Yeye hakurudi. Gari lake lilikutwa limezama mchangani, milango wazi, dumu la maji limepasuka. Upepo ulikuwa umeshafuta nyayo. Watafutaji wakasonga mbele mpaka pipa la mwisho, na hapo wakakuta kikombe kimelala kifudifudi.

"Amekunywa huyu," Mama Tangi alisema siku ile, roho mkononi, akiwa bado ana matumaini. "Amepata nguvu, ameendelea. Twendeni mbele."

Wakaenda mbele. Walilichambua bonde la chumvi siku baada ya siku, hata ndege ndogo ikaletwa. Hawakupata hata kifungo cha shati. Mwishowe mkuu wa hifadhi akaifunga njia ile, na watu wakaanza kunong'ona.

Walichonong'ona ni hiki, kwamba yule askari bado anakunywa. Maana Mama Tangi alikataa kabisa kuliacha pipa la mwisho. Njia imefungwa, hakuna mgeni, hakuna doria, lakini yeye alikwenda na kulijaza, akaacha kikombe kimeangalia juu. Kila aliporudi alikikuta kimelala. Chini hapakuwa na unyayo wa mtu, hata wa bweha. Mara ya kwanza nywele zilimsimama. Baadaye alizoea, na baada ya kuzoea akapenda, na hilo ndilo lililomtisha kuliko kikombe chenyewe. Alianza kusema na pipa. Alilisalimia, akaliambia habari za nyumbani.

Nyumbani, yaani nyumba za wafanyakazi karibu na lango, alikuwepo mkwewe, bibi kizee mwenye ulimi mkali na magoti mabovu. Nguo za mwanawe zilikuwa bado zimening'inia ukutani. Hakuruhusu zigawiwe.

"Leo wanalitoa pipa," Mama Tangi alimwambia asubuhi moja, akifunga kilemba. "Mkuu amesema nikalimwage mwenyewe. Gari la mizigo litakuja kulichukua jioni."

"Na walitoe."

"Mama! Likitoka, atakunywa wapi?"

Bibi kizee akamtazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua. "Mwanangu, wewe unanywesha nani kule? Mimi sitaki mzimu, mzimu haunifai kitu. Nataka kaburi. Nataka mahali pa kukaa nikalia, niinuke, nijipanguse mchanga, nirudi kupika. Umenielewa?"

Alimwelewa. Aliondoka bila kunywa chai.

Langoni mlinzi waliyemwita Kobe, kwa jinsi alivyokuwa akifungua geti, alimnyooshea kidole. "Mama Tangi, saa za kutoka zimepita. Jua hilo litakukaanga."

"Mie nyama ngumu, siivi."

"Haya. Ukimwona jamaa, msalimie," akasema Kobe, kisha akajutia utani wake na kuangalia kando.

Alifika kwenye pipa mchana umeshaiva. Kikombe kilikuwa kimelala kifudifudi, kama kawaida. Alikiinua, akakiweka kimeangalia juu kwa mara ya mwisho, lakini bomba hakulifungua. Aliamua kwamba leo angekaa amwone anayekunywa. Ilikuwa amri ya hifadhi kwamba mtu asikae peke yake jangwani saa zile, na yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wengine amri hiyo. Alirudisha gari nyuma kidogo, akazima injini asimtishe, akakaa ndani akiwa ameteremsha vioo.

Ukimya ukaja juu yake. Kwa mbali bonde la chumvi lilimetameta kama maji, na juu ya maji yale yasiyokuwepo choroa mmoja alisimama bila miguu, pembe zake zikiyeyuka na kuungana tena. Damu ikaanza kudunda masikioni. Halafu akasikia anaitwa. Sauti ilikuwa ya chini na ya upole, na ilimwita kwa lile jina la chumbani ambalo mtu mmoja tu duniani alilijua. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa cha mlango. Alijua vizuri sauti hiyo ni nini, na bado alitaka kushuka.

Hapo ndipo kunguru alipotua juu ya kifuniko.

Alikuwa kunguru wa kawaida, manyoya yamechakaa, mdomo wazi kwa joto. Akachungulia ndani ya kikombe. Mama Tangi alikuwa ameshaona mara nyingi mende weusi wa jangwani wakitumbukia humo na kushindwa kupanda kuta za bati. Kunguru akauma ukingo, akavuta, akavuta tena, mpaka kikombe kikapinduka na kulala kifudifudi. Mende akakurupuka kwenye mbao. Kunguru akamdaka, akammeza, akaruka zake.

Mama Tangi alicheka. Alicheka peke yake jangwani mpaka machozi yakatoka, akijiona mjinga wa kutupwa, miaka yote hiyo anampa kunguru habari za nyumbani! Kisha kicheko kikamkatikia kifuani.

Kama ni kunguru leo, basi huenda ilikuwa kunguru na siku ile.

Wote walikiamini kikombe, na yeye ndiye aliyewaambia waende mbele. Hakuna aliyerudi kutafuta nyuma ya pipa, kati yake na mahali gari lilipozama, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kipande hicho mtu wao alikuwa ameshakivuka. Walikipita mbio wakiwa na kamba na machela.

Aliwasha gari na kuligeuza. Alirudi polepole, kichwa nje ya dirisha, akitazama mawe ambayo alikuwa ameyapita mara nyingi bila kuyatazama. Hapakuwa mbali. Upande wa pili wa mwamba mmoja mdogo, ule usioonekana ukitoka langoni, palikuwa na kivuli cha kumtosha mtu mmoja aliyekaa. Kwanza aliona buti, zimepangwa sambamba, kamba zimechomekwa ndani. Halafu akamwona yeye, kilichobaki kwake, ameegemea mwamba ndani ya shati la kazi.

Mama Tangi alipiga magoti kwenye mchanga unaochoma. Alipoinua uso kutazama kule alikokuwa akitazama mumewe, aliliona pipa, limesimama wazi kabisa na rangi yake ya kijani.

Jioni gari la mizigo lilileta mzigo mwingine badala ya pipa. Watu walisimama nje ya nyumba, Kobe amevua kofia. Mama Tangi aliingia akiwa ameshika zile buti, midomo imempasuka, akazipanga mlangoni. Bibi kizee alizitazama kamba zilivyochomekwa. Hakuhitaji kuambiwa ni za nani.

"Alikuwa wapi?"

"Kabla ya pipa, mama. Alikaa kupumzika. Mimi ndiye niliyewapeleka mbele, mimi..."

"Kabla," akasema bibi kizee. Alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Kumbe mwanangu hakunywa."

"Hakunywa, mama."

Bibi kizee akajiinua kwa shida, akashika ukuta, akajikokota mpaka kwenye mtungi. Alichota maji kikombe tele, akarudi nacho yakimwagika njiani, akamwekea mkwewe mdomoni kama anavyonyweshwa mtoto.

"Na wewe hujanywa tangu asubuhi," akasema. "Kunywa, mwanangu. Nitalia ukishakunywa."