Miunganisho Isiyofungwa

Mereoni aliandika programu katika ofisi moja ya jiji la Suva, ofisi iliyopokea taarifa za vimbunga kutoka visiwani. Kisiwa kikiita, programu ya mkubwa wake, Wiliame, ilifungua muunganisho kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, na haikuufunga tena.

“Bosi, seva itajaa miunganisho, ikatae watu,” Mereoni alimwambia.

“Nenda kanywe yaqona utulie, dada. Nilianza kazi hii wewe ukinyonya.”

Adhuhuri moja kimbunga kikaja. Watu wa kisiwa cha Kadavu waliita, seva ikawakataa. Mereoni akamwondoa Wiliame kitini mbele ya ofisi nzima, akaandika amri kila muunganisho ufungwe kazi ikiisha, hata ikikwama katikati, kisha akaiwasha seva upya. Kadavu wakasikika.

“Umenidhalilisha mbele za watu!” Wiliame akafoka.

“Bado,” alijibu bila kumtazama. “Ripoti ndiyo naanza kuiandika.”