Friji la Mama na Mfumo Usiokwisha

Friji la mama lilipoanza kunguruma, taa ya chumbani ilififia, kioo cha kompyuta kikajikunja kama jicho lililoingia moshi, halafu mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Nilikuwa mbele yake tangu nilipotoka kuswali adhuhuri.

"Imekata tena?" mama aliuliza kutoka uani.

Nilijua nitakachofanya, na ndicho kilichoniuma: nitafuta kazi yote, nianze upya.

Tulikuwa Kiwalani, miaka ile kompyuta za mtumba zilipoanza kuingia na ofisi za mtandao zikawa zinafunguliwa moja moja. Mzee mmoja mwenye ofisi kama hiyo Mikocheni alikuwa na laini moja ya simu na kompyuta nne, akitaka zote nne zitumie laini hiyo. Nikamwambia naweza. Nilikusudia kuuchukua mfumo mmoja wa bure wa kuendeshea kompyuta, niupunguze hadi uenee kwenye flopi moja, kidiski kile chembamba cha kuchomeka, uwashe mashine kuukuu isiyo na diski ngumu, nayo ikae kati ya simu na zile kompyuta. Alinipa mpaka Jumamosi. Ikifanya kazi, ananiajiri. Isipofanya, nakwenda Bunju kwa kaka kufyatua matofali. Mama alishaelewana na kaka.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilikuwa na kurasa za fotokopi zilizofifia, na ukurasa wa kwanza uliagiza: safisha kwanza, ndipo ujenge. Kusafisha ni kufuta vipande vyote ambavyo mashine imeshavitengeneza, ili ivitengeneze tena kimoja kimoja. Mie agizo lile nililishika kama sharti la ibada. Nikibadilisha namba ya simu, nasafisha. Nikirekebisha neno moja la salamu linalotokea mashine ikiwaka, nasafisha. Ujenzi mmoja ulikula alasiri nzima, kama mgao wa umeme haujapita na kama friji halijashtuka.

"Mama, lizime kidogo basi, mpaka magharibi."

"Nilizime barafu zangu za ubuyu ziyeyuke, kwa ajili ya dude lisilopika wala kupooza? Watoto wakija hapo mlangoni utawapa flopi walambe?"

Usingizi ulinipaa. Nilikuwa nikila huku nasikiliza friji kama mtu anayemsikiliza mgonjwa chumba cha pili.

Alhamisi alasiri nilikuwa uani natawadha. Maji tulikuwa tunayanunua kwa dumu, na mama alikuwa amekaa karibu anafunga vifuko vya barafu. Nilimaliza miguu, nikasimama, nikainama tena nikaanza viganja.

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya tatu."

"Umetenguliwa na nini?"

"Kiwiko. Nahisi maji hayakufika."

"Unahisi au unajua?"

Nikachota maji mengine kwa kopo.

"Shaka haitengui udhu, mwanangu. Nenda kaswali. Na uliache dumu langu, hata kazi ya hilo dude lako haimaliziki kwa tabia hiyohiyo, kuosha kilichooshwa."

Nilikasirika. Anajua nini kuhusu kompyuta? Niliswali moyo ukiwa hauko pale, na nakiri kwamba katika sijda nilikuwa nawaza vile vipande. Umeme ukikatika, kinachoharibika kwa yakini ni kile kimoja ambacho mashine ilikuwa inakiandika wakati huo. Vingine mamia viko vizima. Kila siku nilikuwa navifuta kwa sababu nahisi, basi.

Nilirudi chumbani, nikakitafuta kipande cha mwisho, nikakifuta hicho peke yake. Kisha nikaamuru ujenzi bila kusafisha. Mashine iliviruka vipande vya zamani, ikaanza pale ilipoachia, na kabla chai yangu haijapoa mfumo ulikuwa tayari. Sikufurahi. Niliona kama nimeiba. Nikauandika kwenye flopi, nikaiwashia ile mashine kuukuu: ikawaka. Nikaizima, nikaiwasha tena, bado nikitafuta kosa.

Ijumaa nilikwenda mbele zaidi. Namba ya simu, majina na kila kitu chenye tabia ya kubadilika nilivitoa ndani ya mfumo, nikaviweka kwenye faili dogo la maandishi pembeni ya flopi. Sasa kubadilisha namba hakukuhitaji kujenga chochote. Friji lilishtuka mara kadhaa siku hiyo, nami nikaendelea kutoka nilipofika. Kilibaki kitu kimoja: mstari wa onyo uliotokea kila mfumo ulipowaka, ukilalamikia kifaa ambacho mashine ile haina. Haukuwa na madhara. Kuuondoa kulitaka nijenge kiini chote cha mfumo upya. Mkono wangu ulikwenda kwenye kibodi na kurudi, ukaenda tena. Mwisho nikaitoa flopi na kumpa mama aifiche.

"Nikikuomba usinipe mpaka kesho."

"Naiweka chini ya barafu."

"Mama!"

"Natania, we mtoto."

Jumamosi nilifika Mikocheni na mashine na flopi yangu, nikamwamkia mzee, na kabla sijakaa akanipa habari: watu wa mtandao wamebadilisha namba ya kupiga. Wiki moja nyuma ningerudi nyumbani kulia. Nilifungua lile faili, nikaandika namba mpya palepale, nikaiwasha mashine. Modemu ikapiga kelele zake, ikatulia. Kompyuta ya kwanza ikafungua ukurasa, halafu ya pili, mpaka ya nne.

Mzee aliinama kwenye kioo cha mashine yangu. "Na haya maandishi yanalalamika nini?"

Masikio yaliniwaka moto. "Ni onyo tu, mzee. Halitengui kitu."

Alilitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. "Jumatatu uje na cheti chako."

"Sina cheti."

"Basi uje wewe."

Niliporudi, mama alisikia habari zangu akaenda ndani kupiga vigelegele kama anayetaka kaka amsikie huko Bunju. Nilitawadha kwa ajili ya alasiri. Nilipomaliza nilikitazama kiwiko. Kilikuwa kimelowa, nilikiona kabisa kimelowa. Nikasimama pale na kopo mkononi, nikahesabu pumzi, ndipo nikalirudisha juu ya dumu bila kuchota tena.