Ngoja Roho Ifike

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Cato Manor, mtaa wa ugenini tulikohamia, hakuna aliyeruhusiwa kumshtua mdogo wetu Kashindi. Mimi na dada yangu ni mapacha, naye alitufuata. Kwetu Kongo azaliwaye nyuma ya mapacha huitwa hivyo. Bibi alisema sisi wawili tuliijaza njia, kwa hiyo roho ya Kashindi ilibaki ikitembea nyuma ya mwili wake. Ukitaka kumwogesha, hata kuzima televisheni, ulimwambia kwanza, kisha ukangoja roho ifike. Tulichoka, jamani. Sisi tulivutwa masikio, yeye alipewa taarifa kama chifu.

Shuleni hakuna aliyempa taarifa. Kengele ikilia, aliingia chini ya dawati akipiga mayowe mpaka niitwe kumtoa. Siku aliyomng'ata mwalimu wake, tuliambiwa akirudia atafutiwe shule nyingine. Kanisani walishaanza kunong'ona kwamba ni mtoto mchawi. Mama alilia. Bibi alivaa kitenge chake kizuri, akanishika mkono tukaenda.

Mwalimu, mama wa Kizulu mwenye bandeji mkononi, alitupokea bila kununa. Bibi hakujua Kiingereza, basi mkalimani nikawa mimi.

"Mwambie huyu mama," Bibi alisema, "mtoto roho yake iko nyuma. Amupe habari mbele, kisha amungoje."

Niliona aibu, nikatamani kusema jambo jingine. Nikatafsiri yote. Mwalimu hakucheka.

"Eish," alisema. "Nimngoje mpaka lini?"

"Mpaka aitike," Bibi akajibu.

Tangu kesho yake, kabla ya kengele, mwalimu alimwendea akamwambia polepole kwamba italia. Kashindi aliitika, akaziba masikio, akaingoja. Siku nyingine bado aliingia chini ya dawati. Lakini hakufukuzwa, na mimi nikaanza kumaliza masomo yangu kwa amani.

Neno Asperger, aina ya usonji, nililikuta ukubwani, nikisomea ualimu. Niliposoma kwamba mtoto wa namna hiyo aandaliwe kabla ya kila badiliko, nilicheka peke yangu, kisha nikalia, maana Bibi tulikuwa tumeshamzika. Habari ya roho siiamini tena. Ila najua wengine walikuwa na hadithi yao kuhusu Kashindi, ya uchawi, na ile ya Bibi iliwahi kumfikia mwalimu kabla ya yao.

Siku hizi Kashindi anatengeneza simu mjini. Jumapili mimi humpigia nikamwambia nakuja. Kimya. Mume wangu hudhani laini imekatika. Mimi nangoja, mpaka aseme, "Sawa, kuja."